Mjadala: Je, mkandarasi wa mfumo wa umma alazimishwe kukabidhi michoro yote 14 ya UML?

Mtoa mada, Kijitonyama:
Napendekeza zabuni za mifumo ya kompyuta ya taasisi za umma zimtake kila mkandarasi kukabidhi aina zote 14 za michoro ya UML, lugha ya michoro ya kueleza mifumo ya kompyuta, iliyopitishwa na OMG, shirika la viwango vya teknolojia, mwaka 1997, ili mkandarasi akiondoka, anayempokea asianze kupapasa gizani.

Mchangiaji, Mbezi:
Ndugu mtoa mada, mfumo usikabidhiwe bila michoro, hilo halina ubishi. Kinachonikwaza ni hiyo 14. Niliwahi kupokea mfumo wa tiketi ulioambatana na jalada nene la michoro ya klasi, yaani inayoonyesha sehemu za programu na uhusiano wake, iliyochapwa kwa rangi, na bado hatukujua kwa nini baadhi ya abiria walikatwa nauli mara mbili. Ikabidi tuchore wenyewe mchoro mmoja wa mfuatano: juu tukapanga simu ya abiria, seva yetu na seva ya mtandao wa simu, kila kimoja na mstari wake wa muda unaoshuka chini, kisha tukachora mishale ya ujumbe kwa mpangilio wake. Hapo ndipo tulipoona kwamba jibu la malipo lilipochelewa, seva yetu ilituma ombi upya kwa namba mpya ya kumbukumbu, na upande wa pili ukalihesabu kuwa malipo mengine. Jalada lile lote halikuwa na mshale huo.

Isitoshe, mchoro wa mahusiano ya data, ambao mwanasayansi wa kompyuta Peter Chen aliueleza mwaka 1976 na ambao wenye kanzidata huuulizia kwanza, haumo katika hizo 14. Sharti lako lingetuletea michoro kama ule wa UML wa kupima muda (timing), isiyofunguliwa na mtu, na kutunyima huo.

Mtoa mada:
Hoja ya Chen naipokea. Lakini ukimwachia mkandarasi achague, si atachagua ulio rahisi kuchora?

Mchangiaji, Mbezi:
Asichague yeye. Wahandisi wa taasisi, watakaoamshwa usiku mfumo ukikwama, ndio waorodheshe: mchoro wa data, wa mpangilio wa seva, na wa mfuatano kwa kila muamala wa fedha. Na malipo ya mwisho yazuiliwe hadi mhandisi mmoja auchukue mchoro, aufuatilie ndani ya msimbo wa programu mshale kwa mshale, na akute vinalingana.