Mdogo wangu amekatika vidole kazini, mwajiri anasema kibarua hana fidia: je, ni kweli?

Kaka Mtu, Kibaigwa
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mdogo wangu amefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Kibaigwa, bila mkataba wa maandishi, akilipwa kila Jumamosi kwa simu. Mwezi uliopita, alipokuwa akiondoa mashudu yaliyoziba mashine, mkanda ambao kifuniko chake kilikuwa kimetolewa siku nyingi ulimnasa mkono wa kulia, akapoteza kidole cha shahada na cha kati. Mwajiri alilipa matibabu ya siku ya kwanza, kisha akaja nyumbani na shilingi 200,000 pamoja na karatasi ya kusaini kwamba hawadaiani tena. Anadai kibarua hana fidia na kwamba uzembe ulikuwa wa kijana mwenyewe. Hajasaini, lakini ana mke na mtoto mchanga, na fedha hizo zinamvuta.

Afisa Utumishi, Dodoma Mjini
Pole sana kwako na kwa mdogo wako. Tafadhali asisaini karatasi hiyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, inawahusu pia walioajiriwa kwa makubaliano ya mdomo, na kila mwajiri anapaswa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na kuuchangia kutoka mfukoni mwake bila kumkata mfanyakazi hata senti. Kama hakujisajili, kosa ni lake yeye.

Fidia hiyo haitolewi kwa kuangalia nani alizembea. Utovu wa nidhamu wa makusudi ni jambo jingine, lakini sioni makusudi kwa mtu aliyekuwa akizibua mashine ili kazi iendelee. Hilo la kifuniko lipelekeni pia OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa sababu kesho mkanda huohuo utamnasa mwingine.

Mfuko hugharamia matibabu na, kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, hulipa asilimia 70 ya kipato chake kwa muda usiozidi miezi 24. Baadaye daktari hupima ulemavu wa kudumu: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mwajiri akishapewa taarifa ya ajali ana siku 7 za kuufahamisha Mfuko. Mpeni taarifa hiyo kwa maandishi, mbaki na nakala yenye tarehe, na asipochukua hatua nendeni wenyewe katika ofisi ya WCF hapa Dodoma, kwa kuwa dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Mama wa Mpwapwa
Naongeza jambo moja ambalo familia yetu ililipitia kwa uchungu, nalo ni ushahidi. Ujumbe wa malipo ya kila Jumamosi usifutwe kwenye simu, maana ndio unaoonyesha kwamba alikuwa mfanyakazi na alikuwa akipata kiasi gani. Ombeni hospitalini taarifa ya matibabu inayotaja kwamba jeraha lilitokana na mashine kazini, kisha waandikeni majina ya wenzake waliokuwa zamu hiyo sasa hivi, kwa sababu vibarua wengi huondoka msimu wa alizeti unapokwisha na kuwapata tena ni kazi kubwa.

Kaka Mtu, Kibaigwa
Nawashukuru mno. Jana ameambiwa asirudi tena kazini. Je, hilo nalo tulipeleke WCF?

Afisa Utumishi, Dodoma Mjini
Hapana, hilo ni shauri jingine. Kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa, na kwa kuwa amemaliza zaidi ya miezi sita kazini analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Msisubiri dai la fidia likamilike ndipo mwende CMA, kwani siku hizo 30 zimeanza kuhesabiwa jana. Kama nauli au uandishi wa fomu ni kikwazo, mtafuteni msaidizi wa kisheria kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yenu ya Kongwa. Huduma yake ni bure.