ELFU KUMI YA BODABODA! Miezi 14 nabuni mchezo wa kasino, yule mzee ananipa nauli!

Mzungu wa Nne:
Wakuu, nimetoka kasino sasa hivi, niko kituoni, mkono unatetemeka mpaka herufi nazikosa. Jina simtaji, mnamjua. Yule mzee bosi wa kasino, wa miwani ya dhahabu na funguo nyingi kama askari magereza, akikohoa tu meza zote za ruleti zinasimama. Huyo huyo.

Elfu kumi! "Chukua ya bodaboda, kijana." Miaka tisa nagawa karata kwenye meza za watu mpaka magoti yanalia, leo naitwa kijana wa bodaboda!

Wote tumekulia kwenye mchezo wa karata wa sitini na moja kijiweni. Unatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40, pointi 120. Ree (A) 11, saba 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2, mwenye 61 kaua. Mimi nikauhamishia kasino: mchezaji na nyumba, karata tatu tatu, turufu inafunuliwa katikati. Ukizipenda karata zako unaongeza dau, usipozipenda unatupa. Raundi haimalizi dakika. Siku tuliyoujaribu sebuleni kwangu, saba ilipomla mzungu wa nne watu walipiga kelele mtaa mzima ukadhani Simba kafunga. Hesabu nimeijaza madaftari manne, mpwa wangu wa chuo akaipitisha kwenye kompyuta. Faida ya nyumba inakaribia ile ya Three Card Poker, poka ya karata tatu ya kasino, 3.37 kwa kila mia ya dau la kwanza. Miezi 14 hiyo, nalala saa tisa usiku!

Wala sikwenda kuuza. Nilitaka kuukodisha tu, nilipwe kwa kila meza, kila mwezi, kama wanavyolipwa wabunifu wengine. Derek Webb, Mwingereza, alibuni Three Card Poker mwaka 1994, na mwaka 1999 kampuni ya Shuffle Master ikanunua haki zake za Marekani. Nikamweleza yote haya kwa adabu, shikamoo imetangulia.

Mzee kaweka kikombe cha chai juu ya karatasi zangu. Duara la chai limekaa palepale palipoandikwa TURUFU. "Hata bibi yangu Tanga anaucheza huu." Akatoa pochi. Elfu kumi. Tena noti imeungwa na selotepu! Nafika mlangoni namsikia anamwambia msimamizi, "Hizo karatasi zitoe kopi."

KOPI!

Shupaza Mbili:
Pole. Swali moja tu mkuu: hiyo elfu kumi ulichukua?

Mzungu wa Nne:
Niliirudisha mezani! Akainuka mwenyewe akanichomekea kwenye mfuko wa shati, kama mtoto siku ya Idi, mbele ya wasichana wa mapokezi. Kunichomekea!

Shupaza Mbili:
Kwa hiyo unayo 😂😂

Ree ya Kopa:
Mleta mada, hasira zako ni za haki ila umejimaliza. Unaingiaje kwa mtu kama yule bila mkataba wa kutunza siri, halafu unamwachia na karatasi? Sheria ya hataza (haki ya mvumbuzi kwa uvumbuzi wake) ya Tanzania ya 1987 imeziacha nje kanuni za michezo. COSOTA, wale wa hakimiliki, wanalinda maandishi yako, wazo la mchezo hawaligusi. Ungeanza na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usajili jina la mchezo kama alama ya biashara. Hata Marekani kumekuwa kugumu, mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliwakatalia watu hataza ya aina ya blakjeki kwa kuwa ni kanuni tu na karata za kawaida.

Kuku Mgeni:
Sitini na moja ni ya baba yako? Umechukua mchezo wa wazee wetu, sasa unalia kuibiwa!

Mzungu wa Nne:
Soma vizuri. Sitini na moja ni yetu sote. Dau, malipo, mpangilio wa meza na ile hesabu ni vyangu. Na kama haina thamani, kopi ya nini? Na selotepu ile nimeipiga picha, nitaiweka hapa.

Binti Nevada:
Niko Las Vegas, nami nagawa karata. Huku mchezo mpya unakaguliwa hesabu na maabara huru, Bodi ya michezo ya kubahatisha ya Nevada inaupitia, unafanyiwa majaribio kwenye kasino, ndipo unaanza kukodishwa kwa mwezi. Na bado watu wanalia. David Sklansky, mtaalamu wa poka, anasimulia kuwa mchezo wa kasino uliokuja kuitwa Caribbean Stud aliubuni yeye mwaka 1982, hataza hakupata. Kaka, usirudi pale peke yako, nenda na mwanasheria.

Mdundo wa Manzese:
Nyie wa karata mna nafuu. Mimi nimetengeneza biti ya singeli, inapigwa kila harusi kuanzia Tandale mpaka Mbagala, malipo niliyopata ni soda. Fanta, tena ya moto!

Fundi Cherehani:
Soda? Mimi nilibuni mshono wa sare ya kwaya, Jumapili naukuta kwa kwaya tatu, fundi mwenzangu kasimama madhabahuni anashukuriwa.

Kuku Mgeni:
Fundi na wewe kitambaa changu kiko wapi? Tangu Pasaka!

Shupaza Mbili:
Tuliache hilo. Jamaa anakaa wapi nauli ya boda ifike elfu kumi? Mimi jana Masaki mpaka Tegeta nimelipa kumi na mbili kisa manyunyu.

Mdundo wa Manzese:
Manyunyu? Mimi kulikuwa na jua, kaniambia bei imepanda kwa sababu nimebeba spika.

Mzungu wa Nne:
Wakuu, turudi kwenye mada. KOPI.

Fundi Cherehani:
Spika kubwa au ndogo?