Re: Mzee amekataa kuwa mdhamini

Jamani salaam, hapa Leicester, Uingereza, tunasajili chama chetu kiwe chariti, mzee wetu tumemwomba aingie kwenye wadhamini kagoma kabisa, anasema uzee huu hafungwi kwa makosa ya watu. Tumwambieje?

---

Dada mfikishie shikamoo, na msimlaumu. Kwa Kiswahili alichokulia yeye mdhamini ni yule anayesaini bondi polisi, mtuhumiwa akitoroka anatafutwa yeye, au wa mkopo, mwenzako akishindwa kulipa kochi linabebwa kwako. Neno dhamana toka huko Kiarabuni ni kujibebesha deni la mwingine, kwa hiyo hofu yake imo ndani ya neno lenyewe. Na akiombwa kuwa garanta wa nyumba ya kupanga ya mtoto wa ndugu, hapo kweli aogope, kodi isipolipwa inamfuata.

Ila matrastii, yaani hao wadhamini wa chariti, ni kitu kingine, shida hata nyumbani Tanzania serikali imetumia neno hilohilo, ukienda RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, unasajili bodi ya wadhamini. Mimi naona neno lililofaa ni amana, shina moja na amini, imani, mwaminifu. Bibi yangu Tanga alikuwa anawekewa pesa na watu, za kila mtu kafunga kwenye kipande chake cha leso, fundo lake, anatia sandukuni. Kuna siku ndani hamna hata sukari na sanduku lile lina pesa, hagusi, mwenyewe akirudi anafunguliwa fundo lilelile. Hiyo ndo kazi mnayompa mzee, mali si yake, anaitunza kwa ajili ya wengine na halipwi.

Sasa kisajilini kama CIO, aina ya chariti inayohesabika kisheria kama mtu anayejitegemea, hapo chama kinakuwa na mikataba na madeni kwa jina lake chenyewe, kwa kawaida hayaingii mfukoni kwa mdhamini. Mkibaki kikundi tu hivihivi, mkataba wa ukumbi aliosaini unaweza kumrudia. Na msimfiche, akitumia vibaya hela za chama au akizembea wajibu wake anaweza kuwajibishwa hata kwenye CIO.

---

Ahsante sana kaka, nimemsomea yote jana baada ya magharibi, hiyo ya fundo la leso akanirudisha nisome tena. Kauliza kitu kimoja tu, hesabu za benki ataziona kila mwezi au mpaka mwisho wa mwaka? Nimemwambia kila mwezi. Kasema leteni fomu.