Naomba ushauri: Siku ya Mataifa katika shule ya kimataifa na nafasi ya majirani zetu

MamaWaWawili_Arusha

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaishi Arusha, na watoto wangu wawili wanasoma katika shule moja ya kimataifa ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nia yangu ni kupata ushauri na wala si kuichafua. Mwaka huu kamati ya wazazi imenikabidhi uenyekiti wa maandalizi ya Siku ya Mataifa, ambayo huadhimishwa karibu na tarehe 24 Oktoba, yaani Siku ya Umoja wa Mataifa. Mji wetu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mbali na shughuli za utalii, kwa hiyo shule za namna hii hukusanya watoto wa nchi nyingi. Siku hiyo kila familia hupamba meza ya nchi yake, watoto huandamana na bendera, watu hula na kucheza muziki, na fedha za viingilio huingizwa katika mfuko wa misaada.

Kinachonisumbua ni majirani. Ng'ambo ya barabara ipo shule ya msingi ya serikali, na nyuma yetu kuna mashamba ya migomba na kahawa ya watu waliokuwapo kabla shule yetu haijajengwa. Watu hawa huingia katika sherehe ama kama kikundi cha ngoma kinachotumbuiza, kulipwa na kuondoka, ama kama wapishi, ama kama walinzi. Hata meza ya Tanzania tunaiandaa sisi wazazi wachache tunaomudu ada, huku watoto wa jirani wakichungulia kwenye uzio. Sioni vizuri kuendelea hivi katika siku tunayoiita ya mataifa yote.

Jambo la pili linahusiana na hilo. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza wa diploma ya IB, yaani mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na kundi lake limependekeza kwamba mradi wao wa huduma, chini ya kile kinachoitwa CAS, uwe kupaka rangi madarasa ya shule hiyo ya jirani, kisha uzinduliwe siku ya sherehe. Rangi iliyopakwa na kundi lililowatangulia haijaanza hata kubanduka.

Naomba mnisaidie. Je, ni busara kuwaalika wanafunzi wa shule ya jirani kama wageni kamili, na kama ni busara, nianzie kwa nani? Mradi wa rangi niupinge, au niuache kwa kuwa ni kazi ya wanafunzi wenyewe? Tena, nifanyeje kuhusu picha, kwa kuwa shule yetu hupenda kuziweka mtandaoni?

Mratibu_wa_CAS

Dada, salamu. Nimefanya kazi ya kuratibu CAS katika shule za Tanzania na Uganda, kwa hiyo nitajibu hilo la mradi na kuwaachia wengine yaliyobaki.

CAS, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma, ni sehemu ya kiini cha diploma ya IB pamoja na insha ndefu ya maneno 4,000 na somo la nadharia ya maarifa. Haina alama, lakini mwanafunzi asiyeikamilisha hapewi diploma hata kama amefaulu vizuri masomo yake yote sita. Inaendelea kwa muda usiopungua miezi 18, na ndani ya muda huo kila mwanafunzi anatakiwa kushiriki angalau mradi mmoja na wenzake unaodumu mwezi mzima au zaidi. Zamani tulihesabu saa, 150 kwa jumla, na naamini hesabu ile ndiyo iliyozaa miradi mingi ya rangi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuandika kwamba Jumamosi tumemaliza saa sita. Hesabu ya saa imeondolewa, ila mazoea yamebaki.

Siku hizi huduma inapaswa kupitia uchunguzi, maandalizi, utekelezaji, tafakuri na hatimaye kuonyesha kilichofanyika. Uchunguzi ndio unaorukwa karibu kila mahali. Muulize binti yako swali moja tu: ni nani aliyesema kwamba madarasa yale yanahitaji rangi? Akijibu kwamba wao wenyewe wameona hivyo, basi mradi haujaanza. Usiupinge, dada yangu, kwa sababu mzazi akiuvunja, vijana watajifunza kutii na si kufikiri. Washauri waende kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule ile kabla ya kununua kopo hata moja.

Kundi moja nililolisimamia lilikwenda likiwa na wazo kama hilo la rangi, na likarudi na ombi ambalo halikulitarajia, kwamba wanafunzi wakubwa wawe wanasoma hadithi za Kiswahili pamoja na watoto wa darasa la pili, kwa kuwa darasa lina watoto wengi na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Wengi wa vijana wetu walisoma Kiswahili kwa kukwama, kwa hiyo iliwabidi wajiandae kila wiki, na watoto wa miaka minane wakawa wanawasahihisha matamshi. Kazi ile iliendelea mwaka mzima, na tafakuri walizoziandika zilikuwa na kina ambacho sijakiona katika mradi wowote wa ujenzi wa siku moja.

Mwalimu_Mstaafu

Mama, nakushukuru kwa kuuliza. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, na shule mbili za binafsi zilikuwa jirani zangu, kwa hiyo nitakueleza mambo yalivyo kutoka upande wetu wa barabara.

Kwanza elewa kwamba mwalimu mkuu hawezi kukukatalia kwa urahisi. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, na si zote zinazofika shuleni kama fedha, kwa kuwa sehemu yake ni ya vitabu. Mtu mwenye bajeti ya namna hiyo akiletewa rangi ataipokea, akiletewa mipira ataipokea, na atatoa hotuba ya shukrani mbele ya kamera zenu, ilhali matundu ya vyoo hayatoshi na maji hakuna. Kwa hiyo usiulize kama wanataka kitu ambacho tayari mmekichagua. Kila shule ina mpango wake wa maendeleo uliojadiliwa na kamati ya shule, ambamo wazazi wa kijiji wana wawakilishi. Ombeni kuuona, kisha muulize ni kipengele gani ambacho wanafunzi wenu wanaweza kukishika bila kumnyang'anya fundi wa kijijini kazi yake.

Pili, tarehe. Watu wa shule za kimataifa huanza mwaka wao Agosti, ilhali sisi huuanza Januari, na hapo ndipo mialiko mingi huharibikia. Mwishoni mwa Oktoba darasa la nne hufanya mtihani wa taifa wa upimaji. Walimu wanakuwa katika usimamizi, na shule ambayo ni kituo cha mtihani haitaki wageni wala kelele za vipaza sauti jirani yake. Septemba nayo ni ya darasa la saba. Nakushauri uisogeze sherehe iwe Jumamosi mapema katika Oktoba, au uingie Novemba mitihani hiyo ikishapita, bila kusahau kwamba kidato cha pili na cha nne hufanya yao mwezi huo ikiwa mna sekondari karibu. Umoja wa Mataifa hautaona vibaya mkiuadhimisha katika tarehe nyingine.

Tatu, utaratibu. Barua iende kwa mwalimu mkuu kwa Kiswahili, nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kuwatoa wanafunzi nje ya eneo la shule kunahitaji kibali na ridhaa ya wazazi wao, na mambo hayo hayakamiliki kwa wiki moja.

Mzazi_Mwenzio

Kwa heshima zote, mimi sikubaliani na wazo la kualika shule nzima. Nimeshiriki sherehe ya namna hii mahali pengine ambapo watoto wa jirani walioalikwa walipangwa mstari mmoja, wakapewa chakula chao katika sahani za plastiki, na wakaketi upande wao hadi walipoondoka. Wenyeji hawakuwa na nia mbaya, ila hakuna aliyekuwa amefikiria watoto hao watafanya nini wakishapita getini. Watoto wa darasa la tano wanaona vizuri sana nani ana viatu gani. Kama hamna shughuli ambayo wote wanaifanya pamoja, ni afadhali msiwaalike mwaka huu, mkaanza na uhusiano mdogo wa darasa moja kwa darasa moja. Vilevile fikiria usalama, kwa maana ya nani anawajibika kwa mtoto yupi, na wazazi wa shule yenu watakuuliza hilo kabla ya kuuliza lingine.

Niliyesoma_Pande_Zote

Shikamooni wakubwa. Nililelewa kijiji kilicho jirani na shule ya kimataifa, nikacheza ngoma katika sherehe zao nikiwa shule ya msingi, na baadaye nikapata ufadhili nikasoma humo humo, kwa hiyo suala hili linanigusa sana.

Namuunga mkono Mzazi_Mwenzio kuhusu kupangwa mstari, lakini siafiki kwamba watu wasialikwe. Ninachokumbuka kwa furaha ni michezo. Mwaka fulani mwalimu mmoja alichanganya timu, kila timu ikawa na watoto wa shule zote mbili, wakacheza rede, kuvuta kamba na mpira wa miguu. Katika rede mtoto wa kijijini ndiye anayejua, na mgeni inabidi aelekezwe, kwa hiyo mazungumzo huanza yenyewe. Wangecheza shule kwa shule, tungebaki na ushindani na matusi ya njiani.

Mama, kuhusu meza ya Tanzania, kwa nini isiwe mikononi mwa akina mama wa kijiji chenyewe? Wao ndio wanaojua kupika loshoro na machalari ipasavyo, na wakisimama mezani wakieleza chakula chao kwa wageni, wanakuwa wenyeji wa sherehe. Walipwe gharama za vyakula na kazi yao kama mnavyomlipa mpishi mwingine yeyote. Na mshereheshaji atumie Kiswahili na Kiingereza kwa uzito ulio sawa. Mzazi wangu alihudhuria mahafali yangu tangu mwanzo hadi mwisho bila kuelewa hata hotuba moja, na hilo bado linaniuma.

MamaWaWawili_Arusha

Asanteni sana. Mwalimu, suala la mtihani wa darasa la nne halikuwa limetajwa na mtu yeyote katika kamati yetu, nami nitaomba tarehe ibadilishwe. Binti yangu nimemsomea maelezo ya Mratibu, na swali la nani aliyesema rangi inahitajika limewafanya yeye na wenzake waombe kikao na mwalimu mkuu wa jirani. Limebaki suala la picha, na pia namna ya kuuelezea uongozi wa shule yetu kwamba uhusiano huu uendelee baada ya sherehe.

Wakili_Mzazi

Dada, kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha pia pale mtu anapotambulika. Ridhaa ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Fomu iwe ya Kiswahili chepesi, ieleze picha itatumika wapi, na isiwe sharti la mtoto kuingia katika sherehe. Shule yenu huenda ina fomu hiyo kwa watoto wake yenyewe, basi watoto wa jirani wapewe ulinzi ule ule. Ningeomba pia kusiwe na picha za makabidhiano ya misaada.

Kuhusu kuendelea, tafuteni mfumo ambao shule zote mbili zinaweza kuwa wanachama wake. Huko Kenya wanayo Tuzo ya Rais, mpango wa vijana wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ulioanza mwaka 1966 kwa walio na miaka 14 hadi 24, na mwanafunzi wa shule ya kutwa ya umma anaifanyia kazi ngazi ya shaba sawasawa na yule wa shule ya kimataifa. Hapa kwetu kuna Skauti katika shule nyingi za msingi, na kuna Roots & Shoots, ambayo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12, na ina vilabu katika shule za aina zote. Klabu mbili zikitunza kitalu kimoja cha miti, zitalazimika kukutana kila wiki, na mkuu wa shule yenu atakuwa na jambo la kulipangia ratiba na bajeti badala ya kusubiri Oktoba nyingine.

MamaWaWawili_Arusha

Kitalu ni wazo zuri, hasa kwa kuwa mfereji wa maji unapita kati ya shule zetu. Mwalimu, swali la mwisho: vijana wakienda kwenye kikao hicho cha kwanza, wabebe chochote?

Mwalimu_Mstaafu

Wasibebe zawadi, Mama. Wabebe barua yenye muhuri wa shule yao na daftari la kuandikia watakayoambiwa. Waende wanne au watano pamoja na mwalimu mmoja, na azungumze anayejua Kiswahili vizuri zaidi, hata kama si kiongozi wa kundi. Wasiende asubuhi wakati wa vipindi. Baada ya saa nane mchana, katikati ya wiki, mwalimu mkuu atakuwa na nafasi, na waombe mjumbe mmoja wa kamati ya shule awepo.