Inchi 27 na bado maandishi yana ukungu: niende 1440p au 4K?

KalamuNyekundu
Wakuu, habari za muda huu. Kazi yangu ni kusahihisha miswada, kwa siku nasoma kwa muda wa saa nane hadi tisa. Gemu sichezi, video sihariri. Nilikuwa na monita ya inchi 24, rezolusheni 1920 kwa 1080. Nikajiambia nikihamia inchi 27 macho yatapumzika, maana herufi zitakuwa kubwa. Nikanunua, rezolusheni ileile. Herufi kweli zimekua, lakini kingo zina vijinovijino, nukta na mkato sasa navitofautisha kwa kukisia, na ikifika jioni kichwa kinagonga. Wiki tatu nikidhani nitazoea. Wapi!

Nachagua kati ya 27 ya 2560 kwa 1440 (ndiyo 1440p), 27 ya 4K (3840 kwa 2160), na 32. Natumia Windows. Umri umevuka 45 na nina miwani ya kusomea. Kujibana naweza, kukosea mara ya pili siwezi.

PikseliMoja
Pole mkuu. Hukuongeza pikseli hata moja, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha; umezitanua zilezile. Usitazame inchi peke yake, tazama kila inchi imebeba pikseli ngapi. Ile ya zamani ilikuwa na kama 92. Hii ya sasa 82, yaani umelipia kushuka daraja. Inchi 27 ya 1440p inafika 109, ya 4K 163. Na mtego ni huu: inchi 32 ya 1440p inarudi palepale kwenye 92, ingawa wengi huiona kubwa wakadhani ni kali zaidi. Ukitaka 32, iwe 4K, utapata kama 138.

Umekaa umbali gani? Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyotengana kwa dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii), ambayo kwa sentimita 60 ni kama milimita 0.17. Pikseli yako ya sasa ina upana wa milimita 0.31, ndiyo maana unaziona ngazi kwenye mkunjo wa herufi. Kwa 1440p ni 0.23, kwa 4K ni kama 0.16.

Mbishi wa Zamu
4K kwa inchi 27 ni kutupa hela. Nilikuwa nayo, herufi kama sisimizi. Nikairudisha siku ya pili.

PikseliMoja
Uliacha ukuzaji wa maandishi (scaling) kwenye asilimia 100, ndugu yangu. Ukiweka asilimia 150 kwenye mipangilio ya Windows, unapata nafasi ya kazi ileile ya 2560 kwa 1440 na herufi za ukubwa uleule, ila kila herufi inachorwa kwa pikseli mara mbili na robo. Ukubwa wa herufi unaupanga mwenyewe. Ukali ndio unaoununua.

Mbishi wa Zamu
Na zile programu za zamani ambazo ukizikuza zinatoka na ukungu? Au hizo huzitaji kwa sababu zinaharibu hesabu?

PikseliMoja
Hapo umenishika. Zipo, na kwa mtu anayeshinda ndani ya programu ya aina hiyo, 1440p kwenye asilimia 100 ni salama zaidi. KalamuNyekundu, unasomea wapi?

KalamuNyekundu
Word na PDF, basi.

PikseliMoja
Basi huna shida. Wakati unatafuta, tafuta "ClearType" kwenye menyu ya kuanzia, ufuate hatua za kurekebisha maandishi. Haiongezi pikseli, lakini maandishi kwenye hiyo uliyonayo yatakuwa bora kidogo.

Mvivu wa Kusimama
Kwa nini asichukue TV ya 4K ya inchi 43 tu?

FundiWaya
Kwa kusoma, hapana. Ni kama pikseli 102 kwa inchi, na TV nyingi zisipopangwa vizuri hupunguza taarifa za rangi. Filamu hutaona tofauti, ila herufi nyekundu kwenye weupe zitachuruzika. Na yeye jina lake Kalamu Nyekundu!

MamaLenzi
Mnahesabu pikseli na hakuna aliyegusa miwani. Kaka, miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Monita iko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo ama unainamia mbele ama unalazimisha jicho. Sisemi monita haina kosa, hiyo 82 hata mimi isingenifaa. Lakini kichwa kinachogonga jioni kinaweza kuwa na sababu mbili. Chukua futi, pima kutoka jichoni hadi kwenye kioo ukiwa umekaa kama unavyokaa siku zote, umpelekee mpimaji wa macho namba hiyo.

KalamuNyekundu
Nimerudi. Dada MamaLenzi, nimepima: sentimita 68. Kumbe shingo ndiyo iliyokuwa ikifidia miwani.

Nimeazima kwa mwenzangu 27 ya 4K, nimeiweka asilimia 150. Wakuu, mkato una mkia! Nimefungua faili niliyoipitisha juzi nikakuta mahali pawili nukta ilipaswa kuwa mkato, sitawaambia ni ya nani. Ila kipanya kinaburuta, na nikishusha ukurasa unaenda kwa kurukaruka. Ndiyo 4K ilivyo?

FundiWaya
Hapana. Umeunganisha monita kwa HDMI ya zamani. Toleo la 1.4 linapeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Tumia DisplayPort (tundu na waya wa aina nyingine), au HDMI 2.0 pande zote mbili, kisha uingie kwenye mipangilio ya skrini uhakikishe imeandika 60.

Mbishi wa Zamu
Mimi nilichukia sisimizi NA kuburuta. Sasa naanza kuelewa nilichorudisha.

KalamuNyekundu
Nimehamia DisplayPort, imeandika 60 na kipanya kimeamka. Ya kwangu itakuwa hiihii, 27 ya 4K. Kwa mpimaji wa macho naenda Alhamisi, namba 68 nimeiandika kiganjani.