Texas: Bodi za shule zimegeuzwa matawi ya chama, na sisi tunashangilia vocha za shule binafsi

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mtanisamehe kama kuna sehemu nitatoa povu, ila hili suala la uchaguzi wa bodi za shule huku Texas limenifika shingoni, na kinachoniuma siyo Wazungu wa Republican maana hao najua wanataka nini na hawafichi, kinachoniuma ni sisi wenyewe, Wabongo, Wakenya, Wakongo, Warundi, tumejazana hapa Dallas, Fort Worth na Houston, watoto wetu karibu wote wako shule za serikali, halafu siku ya uchaguzi tuko bustanini tunachoma nyama na kubishana Simba na Yanga.

Kwa mgeni wa haya mambo nieleze kidogo. Huku kila wilaya ya shule ina bodi yake, mara nyingi watu saba, wanachaguliwa kwa kura za wananchi na hawalipwi mshahara. Hao ndio wanaoajiri mkurugenzi wa wilaya, wanaopitisha bajeti, wanaoamua shule gani ifungwe na basi la njano lipite mtaa gani, na sehemu kubwa ya kodi ya nyumba unayolia nayo kila mwaka wao ndio wanaoipangia kiwango. Siyo kamati ya shule ya kule nyumbani inayoitwa kujadili mchango wa madawati. Hawa kwenye wilaya kubwa wanashika mamia ya mamilioni ya dola. Na kwenye karatasi ya kura hakuna chama, ni jina la mgombea tu.

Hapo kwenye hakuna chama ndipo tunapopigwa.

Mwaka 2022 kuna kampuni ya simu iko Grapevine inaitwa Patriot Mobile, wenyewe wanajitangaza kama kampuni ya Wakristo wahafidhina, waliunda kamati yao ya siasa wakamwaga mamia ya maelfu ya dola kwenye wilaya nne tu za Tarrant County, kaunti ya Fort Worth, yaani Grapevine-Colleyville, Keller, Carroll na Mansfield. Wagombea wao walikuwa 11. Walishinda wote 11. Wauza laini za simu, jamani! Washauri wa kampeni wa kulipwa, vipeperushi vya rangi kwenye kila sanduku la barua, watu wanagonga milango, yote hayo kwa kiti ambacho hakina hata posho ya kikao. Mtu mwenye akili timamu anatakiwa ajiulize hizo pesa zinatafuta nini. Sisi hatukujiuliza, wengi hata hatukujua kama kuna uchaguzi.

Na msije mkaniambia Democrats ni malaika, nao wana orodha zao na vyama vya walimu nyuma yao, nalijua hilo. Lakini hawa wengine walikuja na ajenda ya vitabu gani vitolewe maktaba na mtoto gani aingie choo kipi, wakati mimi shida yangu ni mwalimu wa hesabu wa darasa la saba ambaye hayupo tangu muhula uanze. Januari 2025 pale Keller wakaibuka na mpango wa kuigawa wilaya vipande viwili kwa kufuata barabara ya 377, upande wa mashariki wenye nazo wabaki na chao, na wa magharibi wajijue. Wazazi waliwaka, wa vyama vyote, mpaka Machi mpango ukafa. Kwa hiyo msiniambie kelele hazisaidii. Zinasaidia, ila Waswahili kwenye zile kelele tulikuwa wangapi?

Sasa njoo kwenye vocha, yaani pesa ya serikali ya kumlipia mtoto shule binafsi, maana ni mchezo uleule, viwanja viwili.

Gavana Greg Abbott alizitaka kwa nguvu zote mwaka 2023. Novemba ile bunge la jimbo likazikata, kura 84 kwa 63, na waliozikata walikuwemo Republican 21, wengi wa vijijini. Unajua kwa nini? Kwa sababu kijijini kule hakuna shule binafsi ya kupeleka hiyo vocha, wilaya ya shule ndiyo mwajiri mkubwa, na Ijumaa usiku mji mzima uko kwenye mpira wa shule. Wale wabunge hawakuwa waasi, walikuwa wanasikiliza watu wao. Basi gavana akafanya nini? Akawaendea kwenye kura za maoni za chama za Machi 2024, mmoja mmoja. Bilionea mmoja anaitwa Jeff Yass, mtu wa Pennsylvania, wala siyo mkazi wa Texas, alishamkatia Abbott hundi ya dola milioni 6 mwezi Desemba 2023. Matangazo yakaanza, na mengi yalikuwa hayataji vocha kabisa, yanataja mpaka wa Mexico! Mbunge kakataa vocha, anapigwa kwa wahamiaji. Sisi wahamiaji ndio tumetumika kama fimbo ya kuwachapia watu waliokuwa wanazitetea shule wanazosoma watoto wetu, sijui kama mmeliona hilo.

Wengi wakaanguka, wengine wakasoma upepo wakastaafu, waliobaki wakafyata. Muswada uliporudi Aprili 2025, Republican waliokataa hawakuwa 21 tena, walikuwa wawili. Wawili!

Na tarehe ya kusaini ndiyo iliyoniua. Abbott alisaini sheria hiyo, SB 2, Jumamosi ya tarehe 3 Mei 2025. Siku hiyohiyo, Jumamosi hiyohiyo, ndiyo ilikuwa siku ya uchaguzi wa bodi za shule na mabaraza ya miji sehemu nyingi za Texas. Yaani wakati bibi wa mtaani kwangu anapanga foleni (foleni gani, walikuwa watu wanne) kuchagua wa kuongoza shule zetu, kule Austin, makao makuu ya jimbo, wanashangilia kusaini bilioni moja ya dola ya kuwatoa watoto kwenye shule hizohizo.

Tuongee pesa basi, kwa sababu nikiligusa hili kwenye grupu letu naambiwa "we ni mtu wa Democrats", nikiuliza hesabu hakuna anayejibu. Vocha ni kama dola 10,000 na kitu kwa mtoto anayekwenda shule binafsi, inapigwa kama asilimia 85 ya wastani wa kile jimbo na wilaya wanachotumia kwa mwanafunzi. Anayesomeshwa nyumbani anapata mpaka 2,000. Mwenye ulemavu inaweza kufika 30,000. Inaanza mwaka wa shule 2026-27. Inapendeza sana ukiisikia kanisani. Lakini kiwango cha msingi ambacho jimbo linaipa shule ya serikali kwa kila mwanafunzi kilikaa dola 6,160 tangu 2019, bei ya mayai imepanda, petroli imepanda, bima imepanda, chenyewe kimekaa palepale. Mwaka 2025 baada ya kubembelezwa sana kikaongezwa dola 55. Hamsini na tano! Najua kuna mafungu mengine wamepitisha ya mishahara ya walimu na mambo mengine, sipotoshi, ila ukiwa unapanga bajeti ya wilaya hiyo 55 ni tusi.

Wanasema pesa ya vocha haitoki wilayani, inatoka hazina ya jimbo. Sawa. Lakini huku shule inalipwa kwa mahudhurio, mtoto akiondoka na pesa yake inaondoka. Wakiondoka watoto watatu darasa moja na wawili darasa jingine, huwezi kupunguza mwalimu nusu wala kuzima kiyoyozi robo. Basi linakwenda njia ileile. Kinachokatwa ni yule msaidizi wa darasa la Kiingereza kwa wageni, ambaye ndiye alimkamata mtoto wako mkono siku ya kwanza akiwa hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwetu tayari wamempunguza mmoja na njia mbili za basi zimeunganishwa, sitaji wilaya, walioko huku wanajua.

Na ile shule binafsi hailazimiki kumpokea mtoto wako. Hili watu hawalisikii hata ulipige tarumbeta. Vocha unayo mkononi, shule inaangalia Kiingereza chake, inaangalia tabia, inaangalia kama ana ulemavu wanaouweza au wasiouweza, inasema asante, nafasi zimejaa. Shule ya serikali haina hiyo jeuri, akifika mtoto lazima imchukue. Halafu shule kubwa kubwa za Dallas ada inapita dola 30,000 kwa mwaka, hiyo 20,000 iliyobaki unaitoa kwenye ovataimu ya weahausi? Nani atamleta na kumrudisha kila siku? Kuna mama Mkongo nafanya naye kazi, ana watoto watano, aliniambia anataka kuomba vocha kwa wote watano. Nikamuuliza, dada, shule binafsi iliyo karibu na apatimenti zenu ni ipi? Akanyamaza, akaniambia ataulizia.

Watasema maskini wamepewa kipaumbele. Kweli, wenye ulemavu wako mbele na wenye kipato kidogo wanafuata, hilo limeandikwa na ni zuri. Lakini hiyohiyo sheria inaruhusu mpaka asilimia 20 ya fedha za mwaka wa kwanza iende kwa familia zilizozidi asilimia 500 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa familia ya watu wanne ni kama dola 160,000 kwa mwaka. Mtu wa kipato hicho mtoto wake yuko shule binafsi tangu chekechea! Huyo hahamishwi popote, analipiwa tu ada aliyokuwa anailipa mwenyewe. Na wataalamu wa bajeti wa bunge lenyewe walikadiria kufika 2030 gharama itapita bilioni 4 kwa mwaka.

Sasa hili hapa ndilo linanifanya nione giza. Kwa sheria ya Texas, shule MOJA ikifeli miaka mitano mfululizo, jimbo linaweza kuiondoa bodi nzima mliyoichagua na kuweka watu wake. Houston walifanyiwa 2023. Fort Worth wametangaziwa Oktoba 2025, kwa ajili ya shule ambayo ilikuwa imeshafungwa. Imefungwa, haipo, na bado ndiyo iliyoifukuzisha bodi! Na kipimo chenyewe ni mitihani ya jimbo inayoitwa STAAR. Je, shule binafsi inayokula vocha inafanya STAAR? Hailazimiki. Inachagua mtihani wake wowote unaotambulika, ikafanya, basi. Kwa hiyo kodi yangu ikienda shule ya serikali inahesabiwa mpaka senti na ikikosea bodi inang'olewa, ikienda shule binafsi tunaambiwa tumwamini mzazi.

Na huu mtindo hauko Texas tu. Tennessee walishapitisha sheria 2021 vyama viweze kusimamisha wagombea wa bodi za shule waziwazi, Indiana nao 2025 wakaruhusu chama kiandikwe. Florida walijaribu Novemba 2024, wakapata asilimia 55 wakati walihitaji 60, ikagonga mwamba. Mimi kwa kweli afadhali hata ya kuandika chama, angalau unajua unauziwa nini, kuliko huu unafiki wa kwetu wa "sisi hatuna vyama" halafu gharama zote zimelipwa na watu wa chama. Ndugu zetu wa Kentucky, mko wengi sana Lexington na Louisville, nawapa heshima, nyie mlipoulizwa kwa kura Novemba 2024 kama pesa ya umma iende shule binafsi, hiyo hoja ilianguka kaunti zote 120, hata zile zilizomchagua Trump kwa kishindo. Texas hatukuulizwa. Hakukuwa na kura ya wananchi.

Kilichonifanya niandike leo ni grupu la WhatsApp. Mtu mzima, mtu wa heshima, kiongozi wa dini, katupia picha ya kipeperushi cha wagombea watatu wa bodi yetu, ameandika "hawa ni watu wa Mungu, tuwape kura". Nikamuuliza kwa adabu zote, mzee, hawa msimamo wao kwenye vocha ni upi, na kwenye ile shule inayosemwa kufungwa ni upi? Jibu: "Kijana, usilete siasa humu." Nikatolewa kwenye grupu. Kipeperushi cha wagombea siyo siasa, swali langu ndiyo siasa! Na kwenye mdahalo wa wagombea, mmoja wa haohao watatu aliulizwa habari ya vocha akasema hilo ni suala la Austin halihusu bodi. Muongo. Bodi nyingi Texas zilipitisha maazimio ya kuzipinga kabla hazijapitishwa, na bajeti atakayokuja kuipunguza ni yeye.

Nyongeza: nimeona mnanishambulia hapo chini. Anayesema "kama shule ni mbovu mzazi afanyeje", sijasema mzazi asihamishe mtoto, hamisha, hata mimi ningehamisha. Nasema usimpigie kura mtu anayeomba kuongoza shule ambayo chama chake kinalipa watu waikimbie.

Na yule aliyeuliza kama mwenye grini kadi anaweza kupiga kura ya bodi ya shule tu kwa vile siyo ya rais: HAPANA. Texas ni raia peke yake. Usijiandikishe hata kama karani amekusukumia fomu wakati unachukua leseni, hilo ni kosa la jinai na unaweza kurudishwa nyumbani. Lakini mikutano ya bodi huhitaji uraia, unajiandikisha kuongea, wanakupa dakika zako chache, unaongea. Wenye uraia, kujiandikisha mwisho ni siku 30 kabla, mtandaoni huwezi isipokuwa ukiwa unahuisha leseni ya udereva, vinginevyo lazima fomu ya karatasi, na kama ulihama kaunti unaanza upya. Uchaguzi ni Jumamosi ya kwanza ya Mei kwa wilaya nyingi, nyingine Novemba, angalieni yenu. Na yule mzee kama anasoma hapa, swali langu bado nalisubiri.