Dola ya fedha ya Kanada ya 1947: niiuze kwa uzito, kwa muuza sarafu, au niitume kupimwa daraja?

Mgeni_Edmonton
Wakuu, salaam. Bibi mmoja niliyekuwa namfanyia usafi hapa Edmonton kanipa zawadi ya kuagana: sarafu mbili za 1947. Moja ni dola kubwa yenye watu wawili kwenye mtumbwi, nyingine senti 50. Nilipita kwa mnunuzi wa dhahabu, akaitupa dola kwenye mizani na kunitajia bei ya uzito. Muuza sarafu wa mtaa wa pili akaitazama kwa lenzi, akanyamaza, akageuza, akanyamaza tena, halafu akataja karibu mara tatu ya ile. Ule ukimya ndio umenitia wasiwasi. Rafiki yangu naye ananikataza kuuza mpaka niitume Toronto kwa ICCS, kampuni inayokagua sarafu na kuzipa cheti, wakaipime daraja la ubora wake. Kipi bora? Nawasilisha.

MzeeWaSarafu
Kijana, kabla hujalinganisha wanunuzi, jua kwanza una dola ipi. Za 1947 ziko aina tatu. Angalia ile 7: mkia wake unaishia kwa ncha kali au ni butu? Hizo ni mbili, na kwa pamoja ziligongwa 65,595. Ya tatu ina jani dogo mno mara tu baada ya 7, jani lile la kwenye bendera yao. Hiyo ziligongwa 21,135 tu. Ncha na butu ni mambo ya kubishania wakusanyaji wakishashiba. Jani ndilo lenye pesa.

Na jani lina kisa chake. India ilijitawala Agosti 1947, lakini sarafu za Kanada bado zilimtaja George wa Sita, mfalme wa Uingereza, kuwa mfalme mkuu wa India, yale maandishi ya ET IND: IMP:. Mihuri mipya ya kugongea sarafu, isiyo na cheo hicho, ilitoka London na ikachelewa. Mwaka 1948 sarafu zinahitajika, mihuri haijafika. Kiwanda cha sarafu cha Ottawa kikaendelea kugonga kwa mihuri ya 1947 na kuongeza jani liwe alama. Kwa hiyo dola ya jani inasema 1947 lakini ilizaliwa 1948. Mihuri ilipofika, dola zenye tarehe ya 1948 ziligongwa 18,780 basi. Hiyo ndiyo watu wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Binti_Tanga
Mzee shikamoo. Kumbe! Nina shilingi za simba za marehemu babu. Ya 1946 ina cheo cha India, ya 1948 haina. Nilidhani mafundi walisahau.

MzeeWaSarafu
Marahaba mwanangu. Sababu ni hiyo hiyo. Ila usizichanganye ukiuza: ya 1946 robo yake ni madini ya fedha, ya 1948 ni shaba na nikeli tu.

Fundi_Mizani
Mimi naanza na ubandia, maana dola hizi zinaigwa sana. Halisi ina gramu 23.3, upana milimita 36, na sumaku haiishiki. Ikipungua gramu mbili tatu, hata jani ling'ae vipi, achana nayo.

Mnunuzi wa dhahabu hakukuibia kwa hesabu yake. Fedha ni asilimia 80, yaani aunsi 0.6 ndani ya dola moja. Zidisha kwa bei ya siku, hiyo ndiyo sakafu. Kwa dola ya kawaida iliyochakaa, sakafu na bei ya wakusanyaji haziachani sana. Kwa ya jani zinaachana mno.

Mgeni_Edmonton
Nimerudi. Mizani ya jikoni inasema 23, sumaku haishiki. Na jani LIPO, dogo kama chawa! Sasa tatizo: kabla sijaipeleka popote mke wangu aliisugua kwa dawa ya meno, ati ing'ae.

Binti_Tanga
Uwiii, wifi katuponza.

MzeeWaSarafu
Basi ukimya wa yule bwana nimeuelewa. Alipoona jani alinyamaza. Alipogeuza akaona mikwaruzo, akanyamaza tena, ndipo akataja bei. Ingebaki na weusi wake wa miaka, ungezungumzia mamia ya dola. Sasa ukiituma Toronto watakuandikia kwamba imesafishwa, na gharama umeshalipa. Ionyeshe kwa wauza sarafu wengine wawili, au kwenye maonyesho ya chama cha wakusanyaji, umuuzie atakayetoa zaidi.

Fundi_Mizani
Hapo Mzee tunatofautiana. Mnunuzi wa mtandaoni hanunui mbuzi kwenye gunia. Cheti, hata kikitaja kusafishwa, kinamwambia jani si la kuchongwa. Akiuza mkono kwa mkono, sawa, asitume.

MzeeWaSarafu
Nakubali kwa wa mtandaoni. Lakini mbona senti 50 mmeisahau? Hiyo nayo ina mambo. Tazama kama ina jani, kisha mkia wa 7: umenyooka au umepinda? Isiyo na jani haina makuu. Yenye jani na mkia ulionyooka ni nzuri. Yenye jani na mkia uliopinda kulia, ikiwa halisi, itaiacha dola yako mbali kabisa.

Mgeni_Edmonton
Niko zamu ya usiku, sarafu iko nyumbani. Nimempigia mke wangu simu asiiguse.